Faini ya Nesta

Nesta alikuwa hajawahi kupigwa faini, na jambo hilo lilimkera kuliko kiatu cha kubana.

Wanawake wa mtaa wa Sogea, pale Tunduma, wana chama chao cha kusaidiana kwenye misiba na harusi. Sheria yao haina cha mjomba wala shangazi: ukichelewa kikao, shughuli inayofuata utasugua masufuria. Wote walishasugua, hata mwenyekiti mwenyewe, Mama Jastin, ambaye akikuita Sogea unaweza kuitika ukiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wote isipokuwa Nesta. Polio ilimpata utotoni, akakua na magongo. Basi akichelewa, "asamehewe." Akisogelea jiko, "pumzika, mwaya." Harusini anakalishwa pamoja na wakwe, analetewa sahani ya kwanza. Jamani, wali wa heshima nao hufika mahali ukamkwama mtu kooni!

Alhamisi moja alikuja binti aitwaye Atupele, mwanafunzi wa chuo, kupima jinsi watu wazima wenye ulemavu wanavyoshiriki katika jamii. Alimkuta Nesta kwenye cherehani yake ya mkono, akaanza kusoma maswali kwenye simu.

"Mama, misibani unakwenda?"

"Yote."

"Na harusini?"

"Zote. Hata za wasionialika."

Atupele akafurahi. "Hongera, mama! Hapo unapata alama za juu kabisa."

Nesta akasonya. "Alama za juu? Mwanangu, hata kiti huwa kinafika harusini. Nani amewahi kusema kimeshiriki?"

Atupele akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Sasa nikupimeje, mama?"

Nesta akatazama saa ukutani. Kikao cha chama ndiyo kilikuwa kinaanza. Moyo ukamdunda kama wa mwizi.

"Bandika chai," akasema. "Tuongee taratibu, halafu unisindikize mahali."

Walifika kikao kimenoga. Kabula, muuza vitenge, naye ndiyo kwanza alikuwa anaingia, anahema. Mama Jastin hakumung'unya maneno. "Kabula, harusi ya Jumamosi, masufuria! Nesta, wewe kaa, mwenzetu. Sababu tunaijua."

"Sababu gani?" Nesta akauliza. Hakukaa.

Wanawake wakaanza kurekebisha vitenge vyao ambavyo havikuwa na tatizo lolote.

"Semeni basi! Miguu? Miguu yangu ilikuwa imetulia zake chini ya meza. Nimechelewa kwa porojo na chai, na shahidi huyu hapa."

"Ni kweli," Atupele akasema. "Kikombe cha pili alinilazimisha."

Vicheko vikalipuka. Mama Jastin peke yake hakucheka. "Nesta, dada yangu, sisi tunakuhurumia."

"Najua, na Mungu awabariki." Akakaza magongo. "Lakini mimi ni mwenzenu au mgeni wenu? Maana mgeni ndiye haoshi vyombo. Miaka yote hii nimekuwa mgeni, Mama Jastin. Nimechoka."

Mama Jastin akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, haraka, asionekane. Kisha sauti yake ikarudi yote.

"Kumbe umechelewa makusudi! Sisi tunakungoja, wewe unakunywa chai! Masufuria yote ni yako na Kabula, na juu yake lile la makande lililoungua!"

"Asante Yesu, nimepata mwenzangu!" Kabula akapiga vigelegele.

Jumamosi Nesta aliketi kwenye kigoda nyuma ya turubai, magongo yameegemea ukuta, masizi mpaka viwikoni, anasugua na kubishana na Kabula nani mvivu. Atupele akaja akachuchumaa karibu yake.

"Mama, leo niandike nini?"

Kabla hajajibu, Mama Jastin alitokea na sufuria mkononi. "Nesta! Hili ndilo uliloosha? Wakwe waone hivi? Rudia!"

"Narudia, usinipigie kelele!" Nesta akafoka, huku meno yote yako nje. Akamgeukia Atupele.

"Andika nimegombezwa," akasema, akachota majivu.