Khanga Mbele ya Kirikuu

Mimi na magari hatupikiki chungu kimoja. Mwaka jana mwanangu Leodgar alipopewa ushemasi pale seminari ya Kipalapala, nilitoka Goweko kwa basi, kiti cha nyuma kabisa, nikafika nimetapika hadi nyongo. Misa nzima nililala nje kwenye mkeka, ndimu puani. Sikuona kitu. Nililia wiki nzima.

Safari hii ulikuwa upadri wenyewe. Padri mpya humpa mama yake baraka ya kwanza, na nikaapa nitaipokea kwa magoti yangu mwenyewe.

Basi shemeji yangu Kasimiri, mwenyekiti wa kamati, akanikodia gari kubwa jeusi. Mama wa padri, alisema, anakaa nyuma kama bibi harusi, vioo juu, asipate vumbi. Nikamwambia nitatapika. Akasema gari la heshima halitapishi mtu. Jamani, heshima na tumbo wapi na wapi?

Kiti laini, gari linabembea kila shimo, marashi yamejaa mle ndani, na mbele naona visogo tu. Hata nusu ya njia hatujafika, nikaomba kushuka, mate yamenijaa mdomoni.

Nyuma yetu alikuja jirani yetu Masolwa na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, kabeba masufuria ya pilau. Nikapanda mbele, kando yake. Kasimiri akanisihi dirishani: akina mama watatandika khanga kwenye mlango wa gari jeusi, tutachekwa.

"Wacheke, shemeji. Mimi nakwenda kwa mwanangu."

Kiti kilikuwa kigumu kama ubao, lakini upepo ulinipiga usoni na kila shimo nililiona kabla hatujalifikia. Tumbo likatulia. Nikaona njaa, nikala kiazi cha Masolwa. Tangu nizaliwe sijawahi kula ndani ya gari.

Kipalapala, mlango wa gari jeusi ulifunguliwa akashuka Kasimiri peke yake. Koleta, kiongozi wa kina mama, aliponiona nimekaa na masufuria, akaziokota khanga moja moja akaja kuzitandika upya mbele ya kirikuu. Nikazikanyaga, vumbi tele kichwani, na furaha imenijaa kifuani.

Baada ya misa Leodgar alinikuta nimepiga magoti. Aliinama, akanusa kwanza kama nina ndimu. Kisha akaniwekea mikono kichwani, na viganja vikawa vyekundu kwa vumbi.

"Mama, leo upo."

"Nipo, Padri," nikamjibu.