Aliyelishika Faili

Mtu yule alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, amelala chali kwenye kitanda cha kutolea damu, ndipo muuguzi alipomuuliza ni lini alichangia mara ya mwisho. Akajibu bila kusita kwamba ni mwezi uliopita, tena hapahapa. Muuguzi akairudisha sindano kwenye sinia, akamwambia ashushe mkono wa shati aende zake kwa amani, maana mwili haujazi damu kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Upande wa pili wa ukuta, mama aliyejifungua kwa upasuaji alikuwa akiingoja damu hiyohiyo, ya kundi ambalo walionalo katika mji mzima wangeenea sebuleni mwa nyumba moja na viti vikabaki.

Aliyempigia simu mchangiaji huyo alikuwa mtaalamu wa maabara mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Bwana Kundi. Majina ya watu yalimponyoka kama sabuni bafuni, lakini kundi la damu la mtu akilijua leo, amelijua hadi kaburini. Harusini aliwahi kumtambulisha shemeji yake kwa wageni kama “B chanya, mkorofi kidogo.” Alipostaafu hakutaka ujuzi wake ustaafu naye. Akaanzisha sajili ya watu wenye damu adimu, kila mmoja na simu yake, kundi lake na siku aliyochangia mwisho, na hospitali ikikwama humpigia yeye. Benki ya damu walimsifu kwamba watu wake huja hata mvua ikinyesha. Yeye hujibu kwamba siri ni mpangilio.

Siku hiyo mpangilio ulimwangusha. Mchangiaji mwingine alipatikana, na yule mama akapona, lakini Bwana Kundi alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyoondoka. Aibu ikikosa pa kukaa humtafuta mtu wa kumkalia, na yake ilimkuta mkaza mwana wake sebuleni, akisahihisha kazi za wanafunzi.

Binti huyu alikuwa mwalimu wa watoto viziwi. Mumewe alikuwa kazini nje ya mji, naye alihamia kwa wakwe zake na kompyuta yake, ambayo ilikuwa ya jamii nyingine kabisa na zile mbili za nyumba hiyo. Ya kwanza, kompyuta nzee ya mezani katika chumba cha kazi cha mzee, ndiyo iliyohifadhi sajili. Ya pili, ndogo ya kubebeka, mwanawe alimnunulia mama yake atazame picha za wajukuu. Zote tatu ziliunganishwa kwa mtandao wa nyumbani, ili mzee na mkaza mwana wake, aliyemsaidia kuingiza taarifa za sajili, waweze kuandika katika faili moja. Basi tangu muungano huo, faili lilikuwa na kisirani. Mchana mzee akilifungua, huambiwa kwamba linatumiwa na mtu mwingine, angoje.

“Tangu mashine yako iingie humu ndani, faili halijatulia,” mzee alisema, na hakuketi.

Mkaza mwana hakujitetea. Alifunika kalamu yake, akamwomba amwonyeshe afanyavyo faili linapokataa. Mzee akamwongoza hadi chumba cha kazi na kumwonyesha kwa fahari ya mtu aliyejua kujiokoa. Yeye hakungoja. Alinakili faili, akaipa nakala jina jipya, akaendelea na kazi. Mle ndani zilijipanga: Sajili, Sajili Mpya, Sajili Mpya Kabisa, na chini yao, Sajili ya Kweli.

Pembe ya mdomo wa binti ilicheza kidogo kisha ikatulia. Alimweleza taratibu kwamba uchangiaji wa mwezi uliopita aliuandika yeye, binti, katika faili la asili. Nakala aliyoisoma baba asubuhi ilikuwa imezaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo haikuwa na habari. Mzee alihisi neno hilo likimchoma, lakini alishikilia lake. Kama faili lisingefungwa asingenakili, na kama si mashine ngeni lisingefungwa. Alijiandaa kwa mabishano, akayakunja maneno yake kama ngumi.

“Huenda ni mashine yangu, Baba,” binti akasema. “Tuitoe kwanza, tuone.”

Akaizima mbele yake, akaifungia kabatini, na kuanzia hapo masomo ya wanafunzi wake akayaandaa kwa mkono. Bwana Kundi akawa kama mwanamieleka aliyevua shati akakuta uwanja mtupu. Hakuwa amewahi kumwona mtu akikubali kushukiwa kwa utulivu kiasi kile, bila kununa, bila hata kuuacha mlango ujibamize nyuma yake.

Kesho yake mchana faili likafungwa vilevile.

Binti hakusema “nilikwambia.” Alivuta kiti mbele ya kompyuta nzee akaanza kuchunguza, na hapo ndipo macho ya mzee yalipoanza kufunguka. Binti alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alibadilisha waya wa mtandao, akajaribu, akaurudisha. Alikizima na kukiwasha kisambaza mtandao, akajaribu. Alitazama ruhusa za folda, nani anaruhusiwa kusoma na nani kuandika, akajaribu tena. Kila mara alingoja jibu kabla ya kuuliza swali jingine, kama alivyowangoja wanafunzi wake wasiosikia, akiwatazama usoni mpaka uso useme. Mzee alikumbuka maabara. Sampuli ikitoa majibu ya ajabu, huwezi kubadili dawa, darubini na mpimaji kwa mkupuo, maana hata ukipata jibu la kweli hutajua limetoka wapi. Alitumia nusu ya maisha yake kuwafundisha vijana jambo hilo, na wengi walilisikia kama watu wasikiavyo mvua. Huyu hakufundishwa na mtu, na alilijua. Mzee alikwenda jikoni akarudi na vikombe viwili vya chai, akavuta kiti chake karibu.

Binti akamweleza kwamba mtu akilifungua faili kama lile, kompyuta huacha alama ndogo kando yake. “Ni kama viatu mlangoni,” alisema. “Ukiviona, unajua ndani kuna mtu. Sasa hapa viatu vipo, na sisi wote tuko nje.”

Akafungua dirisha jingine, linaloonyesha ni mashine gani iliyolishika faili. Palikuwa na mstari mmoja tu, wenye neno moja: *Chumbani*.

Mzee akacheka. Hiyo ni ya mama, alisema, na mama haigusi sajili. Yeye hutazama wajukuu. Binti hakucheka. Aliuliza mama huwa wapi saa kama hizi. Mzee akamjibu kwamba amelala, kwa kawaida hujipumzisha mchana. Hata yeye mwenyewe alipoyasikia maneno yake aliona hayana mizizi, kwa kuwa hakuwahi kwenda kuhakikisha.

Wakatembea ukumbini, binti nyuma yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, miguu kaikunja, kompyuta ndogo mbele yake na simu sikioni. Kwenye kioo ilionekana sajili, zile safu za mzee mwenyewe.

“Na yule mdogo, surua imemtoka?” alikuwa akiuliza. “Haya, ashukuriwe Mungu. Mwogeshe maji vuguvugu, usimkwangue.” Akasikiliza. “La, leo siombi damu. Nakujulia hali tu.”

Akakata simu, kidole kikashuka mstari mmoja kwenye kioo, akapiga nyingine.

Mzee alisimama pale mkono ukiwa juu ya fremu ya mlango. Mkewe alikuwa mpokea wageni wa hospitali ileile kwa miaka yote ambayo yeye alikuwa ameinamia darubini. Yeye aliletewa damu ikiwa ndani ya vichupa; mkewe aliwapokea waliokuwa nayo mishipani, na hofu zao, na watoto wao mgongoni. Sasa alielewa kwa nini mtu huacha genge lake au kitanda chake akaja mbio hospitalini kwa simu ya mzee anayemwita kwa herufi. Hakuja kwa ajili ya mpangilio. Alikuja kwa sababu katika nyumba hiyo kuna mtu aliyemuuliza habari za surua. Sifa zote alizokula benki ya damu zilimrudia kooni, lakini ajabu, hazikuwa chungu. Zilikuwa kama chakula ambacho umekila miaka mingi ndipo unamjua mpishi.

Mkewe alipomaliza simu hiyo, akageuka na kuwaona, hakushtuka. Alikishusha kifuniko cha kompyuta taratibu, kama mtu afunikaye chungu, na binti akakitazama kile kiganja.

“Mama, huwa unaifunga hivyo tu?”

“Niifungeje tena?”

Kumbe hapo ndipo palikuwa na fundo. Mashine iliyofunikwa ilisinzia na faili likiwa bado mkononi mwake, hadi jioni. Tena ilikuwa imepangwa kulifungua peke yake, bila kumruhusu mwingine kuingia, kwani mwanawe aliyeiandaa hakudhani mama angekuwa na shughuli huko.

Mzee alimuuliza mkewe kwa nini hakumwambia. Sauti yake ilitoka ndogo.

“Ungeniambia niwaandike kwenye safu,” mkewe alijibu. “Na wengine hawaenei kwenye safu.”

Mwisho wa juma walikaa wote watatu kwenye meza ya kulia, kompyuta nzee ikiwa imehamishiwa hapo. Kompyuta ya binti ilitolewa kabatini, ikapanguswa vumbi, na mzee ndiye aliyeichomeka kwenye umeme. Kwanza binti aliirekebisha ile ya chumbani ili iingie katika faili na wengine bila kuwafungia mlango, akamwonyesha mama namna ya kutoka kabla ya kufunika. Kisha wakaziweka nakala kando ya faili la asili na kupitia mstari kwa mstari. Kila zilipotofautiana, binti alisoma jina na mama akaamua. Huyu ni mjamzito, asiguswe mpaka amwachishe mtoto. Huyu namba yake ya zamani anayo mdogo wake, na hawasemezani. Huyu anaogopa sindano, apigiwe mapema ili apate muda wa kujikaza.

Ukafika mstari mmoja mama akaweka kidole juu ya kioo. “Huyo tulimzika,” akasema. “Siku ya mazishi nilikwambia nakwenda kwa dada.”

Mzee aliufuta mstari ule kwa mkono wake. Halafu akazifuta na nakala zake, Mpya na Mpya Kabisa, na ya mwisho ile ya Kweli, ambayo ndiyo iliyokuwa na makosa mengi kuliko zote. Binti alimwachia afanye mwenyewe. Mzee aliwatazama wanawake wale wawili wakiinamia vioo vyao, mmoja mwenye subira ya kuuliza swali moja hadi lijibiwe, mwingine mwenye subira ya kuuliza maswali yaleyale mwaka hadi mwaka, akajiona mtu aliyeishi katika hazina akihesabu milango.

Simu ililia kabla hawajainuka. Ilikuwa hospitali. Mzee akasikiliza, akataja kundi kwa sauti, wote wakalitafuta, na katika vioo vitatu, vya mashine zisizofanana hata umbo, mstari uleule ukajitokeza kwa pamoja: mwezekaji wa paa, aliyekaa muda mrefu bila kuchangia. Mzee alikwisha kuanza kubonyeza namba. Akasita. Akamsogezea mkewe simu kupita juu ya meza.

Mwezekaji alipopokea, walisikia nyundo nyuma yake, na mtu akiimba chini chini. Mama alimuuliza kuhusu goti lake. Alimuuliza kama yule binti yake aliyekwenda chuoni ameanza kuizoea baridi. Mzee alitaka kunong'ona amwambie ni haraka. Akaushika ulimi wake, akangoja. Ndipo mkewe akaeleza kwamba kuna mtoto hospitalini.

Nyundo ikakoma. Upepo ukavuma ndani ya simu, kisha wakasikia ngazi ikilia, kipandio baada ya kipandio, mtu akishuka.