Hata Faili Moja

...na hii kalamu nayo, imefungwa kamba fupi utadhani kuna mtu angehangaika kuiba kalamu iliyotafunwa mkiani, mzee wa masjala akaiinamia pale mezani kwa mlinzi, blanketi la zawadi kalibana kwapani, blanketi, eti akapumzike, na joto lote hili, "Hapo, mzee, safu ya mwisho, saa ya kutoka," mlinzi akamwonyesha kwa kidole, kana kwamba haijui, ameijaza miaka thelathini na mmoja, leo mkono umegoma, ni yale maneno ya mkurugenzi, maskini hakujua, kasimama na soda yake, "Huyu mzee hajawahi kupoteza hata faili moja," watu makofi, naye akacheka, alicheka, meno yote nje, huku anamwona Kasuku, karani mwenzake, waliyemwita hivyo kwa domo lake, akitoka mlango huu huu miaka ile na kikombe chake kwenye mfuko wa plastiki, kafukuzwa kwa kupoteza faili la mwalimu mmoja, "Nililirudisha kabatini, haki ya Mungu," nani alimsikiliza... na kweli alilirudisha, maana miaka minne baadaye mzee mwenyewe alifungua faili nene la mtu mwingine akalikuta la mwalimu limelala chini yake, yamefungwa pamoja kwa uzi mmoja, na lile fundo, fundo la mkono wa kushoto, masjala nzima nani mwingine alitumia kushoto, yeye mzee tu, akalifungua, faili akalipachika mahali pake, akaenda kunywa chai, chai!... "Baba, umekwama?" binti yake huyo, nje ya geti, angoje kidogo, Kasuku naye amengoja, siku hizi anashona viatu karibu na kituo cha basi, kila wakionana, "Kaka, masjala yangu haijambo?" yangu, bado anaiita yangu, na yeye hujibu haijambo, kisha wiki nzima anapita ng'ambo ya barabara kwa aibu, mtu mzima na mvi zake, na kule juu karatasi bado inasema Kasuku ni mzembe, yeye anaondoka na sifa na blanketi... akishatia saini hapa ndiyo basi, nani atamfuata nyumbani kumuuliza habari za uzi... mkurugenzi bado yuko juu, soda haijaisha, ngazi kumi na nane, magoti yatalalamika, yalalamike, "Mzee, saini basi," kalamu bado iko juu ya nafasi tupu, wino haujagusa kitu, "Subiri, mwanangu," akajisikia akisema, "mimi bado sijatoka."