Kama, La Sivyo

Mwaka wa tisini na tisa wenyeji wetu wa ng'ambo walitaka kuiona kwaya yetu ya wanawake wa Sironga kwenye intaneti kabla ya kutualika. Tukaenda Kisii mjini, dukani kwa Rasiklal, ambako binti yake Chandni alikuwa ametutengenezea ukurasa. Mvua ilikuwa imetia ukungu vioo vyote. Chumba kilijaa mwanga wa kibuluu wa kompyuta, nasi tukakaa kama watu walio usingizini, tukitazama majina yetu yakitokea moja moja.

Chandni alitueleza kwamba hakuandika habari za kila mwanamke peke yake. Aliandika kiolezo kimoja chenye mapengo, akakipa sharti: kama mwimbaji ameleta picha ya mume, andika "mke wa", la sivyo, andika "mjane wa". Mashine ikajaza yenyewe. Mimi nilipenda sana. Nikajiona pale, Abigael, mke wa Nyangau, naelea kwenye kioo nimenawiri.

Kisha likatokea: Orpah, mjane wa Onyiego.

Onyiego alikwenda Zambia kutafuta kazi miaka mingi nyuma, akaondoka na picha yao pekee ya harusi. Shemeji zake Orpah walikuwa wakilimezea mate shamba lake la chai, wakingoja tu mtu atamke neno hilo "mjane" walitwae.

"Hii mashine inajua nini mimi sijui?" Orpah aliuliza polepole.

"Pole, mama. Haijui kitu. Ni mimi niliipa njia mbili tu." Chandni akaongeza njia ya tatu katikati. "Hapa iseme nini?"

"Orpah, mke wa Onyiego. Akirudi atanikuta."

Tukakonyezana. Hiyo "akirudi" yake ilikuwa imetuchosha, mimi zaidi ya wote. Tulimhesabu mtu anayeota mchana.

Chandni akaacha kuandika, akamgeukia. Wenyeji walitaka na Kiingereza, na Kiingereza, alisema, kina maneno mawili hapo penye "akirudi". Moja lasema atarudi, tunangoja siku tu. La pili lasema huenda asirudi.

"Nichague gani, mama?"

Mvua iliendelea kupiga bati. Orpah aligusa jina lake kwenye kioo.

"Weka ile ya huenda," alisema. "Ile ingine ni ya nyumbani, watoto wakiuliza."