Fanksheni ya Jeremy

Jeremy hakuwa mvivu. Mvivu hulala, naye alishinda kutwa nzima akituma wenzake. Tulikaa meza moja katika ofisi ya kuandika programu za kompyuta, Westlands, na kila kazi aliyopewa ilikwenda Parklands kwa rafiki yake Shiku, ikarudi imekamilika.

"Munyiva, hivi ndio fanksheni hufanya," aliniambia, akimaanisha kile kipande cha programu kinachofanya kazi moja. "Unaiita, unaipea data, inakurudishia jibu. Ya ndani si shida yako."

Nilimwonea wivu, sikatai.

Ijumaa ile angepata ajira ya kudumu au aende nyumbani, na mkewe Emmah alikuwa karibu kujifungua. Bosi wetu, Thuo, alimpa mtihani mmoja tu: aandike fanksheni ya kuhesabu watu wote walio chini ya mkubwa fulani, na walio chini ya hao, ikijiita yenyewe mpaka imfikie mtu asiye na wa kumtuma.

"Hapo isimame," alionya. "Isiposimama itajiita tu, mpaka kompyuta ishindwe."

Jeremy akamrushia Shiku, pamoja na orodha ya majina yetu ya kufanyia majaribio. Shiku alikuwa na zake, akampa Oduor wa Kinoo. Oduor naye, sijui alikuwa na shughuli gani.

Ijumaa asubuhi simu ya Jeremy ikalia ujumbe: "Fundi wa Westi, niaje? Kuna kajob kadogo ya coding, unaweza?" Fundi wa Westi ndilo jina alilojipa kwenye kundi la vibarua vya mtandaoni, ambako hakuna aliyemjua kwa jina lake halisi. Akajibu, "Leta." Kazi ilipofika hakuifungua hata. Aliipeleka moja kwa moja kwa Shiku.

Shiku hakukawia. "Wee Jeremy, si hii ni ile yako ya juzi? Nilipea Oduor!"

Ndipo alipoifungua. Nilichungulia begani kwake. Majina yetu yote yalikuwa pale, na mstari wa mwisho ulisema: Jeremy, chini yake hakuna mtu. Nilicheka mpaka nikauona uso wake.

Saa nne tukaitwa sote kwenye mkutano. Thuo akamuuliza, "Fanksheni isipokuwa na mahali pa kusimama, inakuwaje?"

Jeremy akaeleza. Alieleza jinsi kila mmoja anavyomngoja mwenzake, jinsi kazi inavyozunguka bila mtu kuigusa. Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hilo kwa uchungu namna ile. Thuo alifurahi hadi akampigia makofi.

Kisha akamsogezea kompyuta.

"Safi sana. Sasa tuonyeshe yako."