Kimya Sasa Ni Ruhusa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kujieleza mbele ya msimamizi wa vifurushi.

Msimamizi huyo si mtu. Ni sehemu ya programu yangu ya kuandikia, inayoweka na kuondoa vifurushi, yaani viprogramu vidogo vya nyongeza. Kimoja alikitunga marehemu mke wangu, Mwanahawa. Kila saa saba mchana kinaniuliza kwenye skrini: Umekula? Sijawahi kukijibu. Nikinyamaza, swali hubaki pale hadi la kesho lichukue nafasi yake. Jana programu ilijisasisha yenyewe, nami sikusoma ilichobadilisha. Nani husoma?

Ndotoni msimamizi ni muhuri wa mbao, mrefu kama mlango, umevaa miwani. Vifurushi vimepanga foleni, vimefungwa kwa kamba za katani. Cha mke wangu ndicho cha mbele na kidogo kuliko vyote.

"Kiondolewe?" muhuri unauliza.

Nanyamaza. Miaka yote ukinyamaza, kifurushi hubaki.

"Asante," unasema, unajichovya kwenye wino.

"Ngoja, mheshimiwa. Sijasema kitu."

"Ndiyo maana. Tangu jana kimya ni ruhusa. Tulitangaza."

"Wapi?"

"Ukurasa wa mia na arobaini, chini kabisa."

Nikakasirika. Nikafungua mlango nitoke, nikajikuta ukumbini kwa wakwe zangu, Pangani, siku ya ndoa yetu. Mwanahawa ameinama kwenye mkeka. Mjomba wake anamwuliza mara tatu kama ameniridhia. Hasemi neno. Shehe anatabasamu: "Kimya chake ndiyo idhini yake. Tuendelee."

"Unaona," muhuri unaninong'oneza, umekaa kati ya wageni, sahani ya halua mbele yake. "Sheria hii hii ilipokupa mke, hukulalamika."

Nikausogelea. "Nifanyeje kibaki?"

"Kijibu. Kimekuuliza mara mia mbili na kumi na moja."

Mkekani sasa hakuna mtu, kipo kifurushi tu. Kinauliza, kwa sauti ya Mwanahawa, ambayo sijaisikia tangu afariki: "Umekula?"

Nafungua kinywa, hakitoki kitu. Naishi peke yangu. Tangu Ijumaa sijazungumza na mtu, na koo limesahau kazi yake. Muhuri unaanza kushuka. Nikaona uchungu kuliko siku ya kaburini, maana siku ile hakuna aliyeniuliza kama nakubali.

"Bado," nikasema mwishowe. "Bado, mke wangu. Tangu jana."

Muhuri ukasita hewani, ukarekebisha miwani. "Kinachofuata."

Nikaamka kitini, kumepambazuka, shavu langu liko juu ya meza. Skrini ilikuwa inawaka. Chini ya swali la jana paliandikwa: Bado. Hilo naweza kulieleza, huenda niliandika usingizini.

Lakini kifurushi kile kina mistari kumi na tisa, nimeihifadhi yote kichwani, na ndani yake mna swali moja tu. Chini ya jibu langu palikuwa na jingine: Kwa nini?

Nikaenda jikoni kubandika uji, huku nikimweleza Mwanahawa kwa sauti.