Sentensi ya Kitanda cha Sita

Naapa kwa miwani yangu, na bila hiyo sioni hata mlango: haya yote ni kweli tupu. Ukikuta uongo, nitoze faini.

Binti anayesomea uuguzi, mwaka wa tatu, alipanda ngazi za kituo cha uandishi cha chuo amekumbatia ripoti yake ya mafunzo ya wodini kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa imerudishwa mara mbili. Ingerudi tena, angerudia mwaka mzima, na mwisho wa kuikabidhi ulikuwa saa kumi jioni ileile.

Ndani alimkuta Babu Chumvi, mpiga chapa mstaafu aliyejitolea kusaidia pale, mzee anayetia chumvi hata kwenye salamu.

"Shikamoo, babu. Naomba unirekebishie."

"Marahaba. Sirekebishi kitu, mjukuu wangu. Humu penseli haitoki mkononi mwa mwenye kazi. Msaidizi akiigusa, faini yake ni kuandika ukurasa na kuusoma mbele ya watu. Haya, soma kwa sauti."

Akasoma. Mgonjwa alihudumiwa ipasavyo. Taratibu zilizingatiwa. Chumba kikalegea kama usingizi wa mchana. Sentensi zikabanduka karatasini, nyepesi kama mvuke wa chai, zikapanda hadi kwenye feni, zikazungushwa polepole, kisha mojamoja zikatoka nje kupitia dirishani. Binti alizitazama zikielea juu ya paa la maktaba, wala hakushangaa, kama mtu asivyoshangaa ndotoni. Ikabaki moja tu: Bibi wa kitanda cha sita aliniomba nimshike mkono.

"Hii mbona haikuruka?"

"Nzito. Ulimshika?"

"Nilimshika."

"Kazi gani ikasubiri?"

Binti akainamisha kichwa. "Fomu. Msimamizi akanigombeza mbele ya wodi nzima."

"Mbona hayamo?"

"Nani anaandika kwamba kagombezwa, babu?"

"Wewe. Sasa hivi."

Akaandika, midomo ikicheza, jasho likimtoka puani. Saa kumi kasoro ishirini sentensi ya mwisho ikagoma. Mzee mikono ikamwasha, akanyakua penseli: Mkono wake ulikuwa bawa la malaika.

Binti akaisoma. Ikapaa kabla hajafika kwenye nukta.

"Babu, acha hizo! Mkono ulikuwa baridi, kucha ndefu. Nikamkata kucha."

Akayaandika hayohayo, akanakili yote safi, akaacha rasimu mezani, akashuka ngazi mbio. Ripoti ikapita.

Ijumaa mzee alisimama kituoni kulipa faini, akausoma ukurasa wake, ndio huu, hadi hapo. Alipoushusha, Mama Kwanini, mkuu wa kituo, aliinua ile rasimu.

"Sentensi zilizoruka zote hizi hapa, babu, zimekatwa kwa mistari. Na bawa la malaika, mwandiko wako kabisa. Kwa nini unatudanganya?"

"Na feni hiyo," binti, aliyekuja kusikiliza, akadakia, "haijazunguka tangu mwaka jana!"

Watu wakacheka hadi kiti kibovu kikalia.

Basi, nimeshikwa. Babu Chumvi ndiye mimi. Nileteeni penseli, nilipe ukurasa wa pili, nao unaanza hivi: feni ilikuwa imekufa, dirisha limefungwa, na binti alizikata sentensi zile kwa mkono wake mwenyewe, mojamoja, na ya mwisho kuikata ilikuwa yangu.